Mkanda wa Nyongeza

"Mjomba, kwa nini humfuti huyu bibi, ukawarekodi watu wetu?"

Araba alikuwa na miaka minane alipouliza hivyo. Alikuwa amekaa sakafuni, sebuleni kwa mjomba wake katika mji wa Sekondi, mguu mmoja umekufa ganzi kwa kukaliwa. Mbele yake magurudumu mawili ya tepu yalikuwa yakizunguka polepole, moja likinenepa na jingine likikonda, na katika spika ya kushoto mwanamke wa Kizungu alikuwa akiimba kwa lugha ambayo mtaa mzima haukuijua. Spika ya kulia ilikuwa kimya kama imesusa. Mwanamke aliimba, akakohoa, akacheka kidogo, akaanza tena palepale alipokosea. Nyuma yake kijiko kiligonga kikombe.

Ekow Yankson alimtazama mpwa wake kwa jicho lile alilokuwa akiwatazamia abiria wasio na tiketi. Kisha akasema, "Nenda kaangalie kama samaki wa Mama Mansa wameiva."

Samaki walikuwa wameiva. Swali likabaki bichi.

Huyu Ekow alikuwa gadi wa treni. Alisafiri katika behewa la mwisho na bendera zake mbili, nyekundu na kijani, na filimbi iliyoning'inia shingoni hata akiwa mezani anakula. Baadaye treni za abiria zilipungua, zikabaki zile za kubeba madini ya manganisi kwenda bandarini Takoradi, na mawe hayahitaji mtu wa kuyapigia filimbi. Akapewa kiinua mgongo, akarudi nyumbani kabla hajaota mvi. Wenzake walinunua mashine za kusaga mahindi, au friji za kuuzia maji baridi. Yeye alinunua teprekoda ya magurudumu, iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine ng'ambo.

Ya kwanza aliinunua kwa sababu ya sura. Ilikuwa ya Kijapani, ina taa na vishale vya kuchezacheza, na haikuandikwa popote, kwa maandishi anayoyajua yeye, kwamba umeme wa kwao ni nusu ya umeme wa kwetu. Aliichomeka, vishale vikaruka, moshi ukatoka, nyumba ikanuka kama mbuzi anayebabuliwa manyoya. Mkewe, Adwoa Mansa, muuza samaki wa kukaanga na kenke, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, alisimama mlangoni na kijiko chake cha mafuta.

"Angalau mbuzi tungemla," akasema.

Ya pili ilikuwa ya Kijerumani, nzito kama kinu, na hiyo ndiyo iliyomteka. Kila Jumapili baada ya kanisa alivua shati la ibada, akaifuta kwa fulana kuukuu, akalowesha kipande cha pamba kwa akpeteshie, gongo yetu, akasugua hedi, kile chuma kinachosoma mkanda, mpaka pamba ikatoka nyeupe. Mansa aliwaambia wateja wake kwamba katika nyumba ile mlevi ni sanduku. Baada ya usafi Ekow alipitisha mkanda kwa vidole viwili, kushoto, kati ya vigurudumu vidogo, kulia, akauzungusha mara mbili kwa mkono ili ushike, ndipo akabonyeza. Kulikuwa na mlio mmoja kabla ya sauti, kama mtu anayevuta pumzi, na inasemekana huo ndio aliokuwa akiungoja wiki nzima. Muziki wenyewe ulikuwa ziada tu.

Mashine hizo alizinunua Takoradi, kwa Akosua Pokuaa, mwanamke wa Kiashanti aliyekuwa akifungua makontena ya vitu vya mitumba: pasi, baiskeli, magodoro yenye madoa ya watu wasiojulikana. Pokuaa hakujua lolote kuhusu tepu, na hakuona haja ya kujua. Aliuza kwa uzito. Kitu kikishindwa kuinuliwa na mtu mmoja, ni ghali. Kikiinuliwa kwa mkono mmoja, ni takataka. Ekow naye aliizoea kanuni hiyo, akawa akivicheka hadharani vile vitepu vidogo vya plastiki vyenye mpini, akiviita visanduku vya chakula cha shule.

Na kwetu biashara haijaisha mpaka nyongeza itoke. Muuza nyanya akishakupimia, anakutupia mbili juu. Asipotupa, unasimama palepale unamtazama mpaka aone aibu. Ekow alidai nyongeza kwa kila mashine, na Pokuaa alimpa mikanda iliyokuja ndani ya makontena, kwa kuwa haikuwa na mnunuzi mwingine ila wakulima wa mpunga. Hao waliitandaza shambani, upepo ukiipiga inavuma, ndege wanakimbia. Ndiyo maana mikanda ilikuwa adimu. Mipya haikuwapo kabisa, na ya zamani ilikuwa ikiliwa na jua mashambani.

Basi rafu ya Ekow ikajaa sauti za nyongeza. Kulikuwa na mwanamume aliyejifunza tarumbeta bila kufaulu. Kulikuwa na karamu ya watoto, na mbwa aliyebweka kila walipopiga makofi. Na kulikuwa na yule mwanamke wa spika ya kushoto, ambaye Ekow alimchezesha mara nyingi kuliko wote, hadi Mansa akampa jina.

"Mke mwenzangu ameamka?" angeuliza toka jikoni Jumapili mchana.

"Ameamka."

"Mwambie aje aoshe vyombo."

Majirani nao hawakumwacha. "Ekow, una Wazungu wangapi sasa? Na sisi tuliokuazima nyundo, hatumo?" Lilikuwa neno la mzaha lakini lilikuwa kweli. Katika rafu nzima hapakuwa na sauti hata moja ya Sekondi. Ili iwepo ilibidi mmoja wa wale afutwe, na Ekow hakuwa amemfuta mtu yeyote. Sababu hakuisema. Mansa aliamini ni ubahili. "Na akifa," aliongeza, "masanduku hayo watarithi wapwa zake kama desturi inavyotaka, mimi na wanangu tubaki na vumbi." Araba, aliyekuwa mmoja wa wapwa hao, alijifanya hajasikia.

Jambo lenyewe lilianza Jumamosi moja, kwa sababu ya meno.

Nana Aba Tekyiwa alikuja kwenye meza ya samaki akiwa ameshika shavu. Alikuwa kiongozi wa adzewa, wale akina mama wanaoimba kwa vibuyu na ngoma moja; sauti yake ilijulikana toka Sekondi mpaka Ketan, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwakumbusha watu jambo hilo. Kulikuwa na wimbo mmoja mrefu wa kuwaaga wasafiri, wenye vituo vingi kama reli, ambao wenzake waliujua sehemu za kuitikia tu. Mwanzo hadi mwisho aliujua yeye.

"Nana, leo nikufungie samaki gani?" Mansa akauliza.

"Samaki wa kazi gani, mwanangu? Nipe mchuzi. Alhamisi wananing'oa."

"Jino?"

"Meno. Ya mbele yote, juu na chini. Kijana wa hospitali, mikono laini kama ya bibi harusi, anasema yameoza. Nikamwambia, baba, haya ndiyo yanayoimba, mimi nayafuata tu. Akacheka. Simlaumu, hajawahi kunisikia."

Ekow alikuwa ndani. Alitoka na pamba yake mkononi.

"Nana, niruhusu nikurekodi kabla ya Alhamisi."

Ombi hilo lilikuwa limewahi kutolewa na watu wa redio, na mwalimu mmoja, na mchungaji, na wote walirudishwa. Nana Aba alikuwa na kisa chake na mashine. "Nilikuwa msichana," alisema, na wote waliokuwa mezani walijua kinachofuata. "Akaja Mzungu na sanduku. Tukaimba kutwa nzima, jua hili. Mama yako, Ekow, ndiye aliyekuwa akiniitikia, wewe ukiwa mgongoni unalia kama mwanakondoo. Tulipomaliza akatupa biskuti. Akasema atarudi na sahani ya santuri atupigie tujisikie. Mpaka leo namngoja. Biskuti zenyewe zilikuwa zimelainika."

"Mimi siendi popote, Nana. Unajua mlango wangu."

Alinyonya meno yale yaliyobakiza siku chache. "Jumanne," akasema. Jumanne bahari hupumzika, hakuna mtumbwi unaotoka, na akina mama wa adzewa hawana samaki wa kungoja. "Nitaimba mara moja. Sirudii. Lakini kesho nitakuja kwanza niuone huo mkanda. Sikalii kiti bila kujua nani alikikalia."

Jumapili alikuja, amevaa kitambaa chake cha kanisani, akakaa kwenye kiti cha Ekow bila kukaribishwa. Ekow alimpigia yule mwanamke, maana mkanda wake ndio pekee uliokuwa mzima, haujawahi kukatika ukaungwa, na kwa wimbo mrefu mkanda wenye viungo hauaminiki. Nana Aba alisikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho.

"Anafanya nini?"

"Anaimba, Nana."

"Meno ndiyo mabovu, si masikio. Anamwimbia nani?"

"Sijui."

"Anabembeleza mtoto. Sikia anavyoshusha pumzi kila mwisho wa mstari, ana mzigo mkononi." Akafumbua macho. "Na wewe unataka umfute, unimwage mimi juu yake."

Ekow alikuwa na kidole karibu na kitufe chekundu cha kurekodi.

"Ulimnunua?"

"Nilipewa. Nyongeza."

"Basi umejijibu. Cha bei ni chako, kivunje ukitaka. Nyongeza ni mkono wa mtu. Haifutwi."

"Nitamtoa mwingine, Nana. Yupo wa tarumbeta, hata hajui kupiga."

"Naye ni mtu. Anajitahidi." Akainuka, akajifunga kitambaa upya. "Siimbi juu ya mtu, Ekow. Tafuta mahali patupu, au niache na meno yangu siku zilizobaki."

Alipoondoka, Ekow aliupiga mkanda tena. Mwanamke aliimba kushoto. Kulia hapakuwa na kitu. Mwaka mzima alikuwa amesikiliza hivyo, akidhani spika haikuunganishwa vizuri, akiigongagonga kwa ngumi. Mansa aliingia na sahani ya kenke na shito, pilipili yake nyeusi, akaiweka mezani, akasimama kidogo.

"Huyu mke mwenzangu kila siku analala upande mmoja wa kitanda," alisema. "Upande wa pili kamwekea nani?"

Akarudi jikoni. Ekow hakula kenke ile mpaka ikapoa.

Mkanda ni kama barabara. Mashine yake kubwa ilipita barabara nzima kwa wakati mmoja, kama greda, na ikiambiwa irekodi inakwangua kila kitu toka ukingo hadi ukingo. Lakini yule mwanamke hakurekodiwa kwa greda. Alirekodiwa nyumbani kwake, kwa kitepu kidogo kinachotumia nusu ya barabara wakati wa kwenda. Ukiugeuza mkanda, kinatumia nusu ya pili wakati wa kurudi. Yeye alikwenda tu. Hakurudi. Nusu ya pili ilikuwa imekaa tupu toka siku ile kijiko kilipogonga kikombe.

Ili kuifikia, Ekow alihitaji kisanduku cha chakula cha shule.

Jumatatu asubuhi alikuwa Takoradi.

"Kaka Ekow!" Pokuaa akaita. "Nina moja imeshuka jana, nzito, iliwatoa jasho vijana watatu."

"Sijaja kununua. Napita tu."

Mtu anayepita tu haangalii chini ya meza. Pokuaa aliona jicho lake limetua wapi: nyuma ya pasi, kwenye kitepu cha plastiki cha rangi ya maziwa, kina mpini kama mkoba.

"Hicho? Si wewe uliyesema hicho ni cha kuwekea chakula cha shule?"

"Nilisema hivyo?"

"Mbele ya watu."

"Basi niuzie kwa bei ya chakula cha shule."

"Thubutu! Zamani kilikuwa cha chakula. Leo umekitazama mara mbili, kimeshakuwa mashine."

"Dada Pokuaa, wewe huuzi kwa uzito? Haya, kinyanyue. Kwa kidole kimoja, watu waone."

Wauza pasi wa jirani wakacheka. Pokuaa akakinyanyua kwa kidole kimoja, akakirudisha chini kwa taratibu. "Chenyewe hakina uzito," akakiri. "Ninachopima leo ni macho yako. Hayo ni mazito, watu watatu hawayainui."

Hapo Ekow alichoka, akamweleza habari ya meno ya Nana Aba. Lilikuwa kosa, kwa sababu bei haikushuka hata sedi moja. Pokuaa alisema huruma ina bidhaa yake na biashara ina yake. Ekow alilipa kwa kisanduku kile zaidi ya alivyolipa kwa lile jitu la Kijerumani, akasimama palepale akimtazama.

"Nini tena?"

"Nyongeza."

Pokuaa akaguna, akachukua gazeti, akafunga karafuu konzi moja. "Mpelekee huyo bibi, aziweke kwenye jino mpaka Alhamisi. Na toka mbele ya meza yangu, unanizibia wateja."

Jioni ile alikijaribu kisanduku kwa mtu wa tarumbeta. Alimgeuza, akarekodi maneno machache upande wa nyuma, akamgeuza tena akiwa amejikaza kama mtu anayengoja sindano. Tarumbeta lilikuwapo. Lilikosea palepale linapokosea siku zote.

Jumanne akina mama walijaa sebuleni mpaka wengine wakasimama barazani. Mansa aliepua kikaango motoni kwa hiari yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata kwa ajili ya askofu. Nana Aba alikuja na chupa ndogo ya shinapsi, pombe ya tambiko, na karafuu shavuni. Alisimama mlangoni, akamwaga tone kwa marehemu wa kwake, akiwataja kwa majina, mama yake Ekow akiwa mmojawapo. Kisha akamwaga jingine, akaitazama mashine.

"Na wewe usiyemjua mtu hapa," akasema, "sogea kidogo. Tunakaa."

Akatema karafuu mkononi, akaimba.

Aliimba mara moja kama alivyoahidi. Wimbo ulipita vituo vyake vyote, wenzake wakiitikia, vibuyu vikitikisika. Katikati mbuzi alilia nje, na karibu na mwisho Araba, aliyekuwa chini ya meza, alipiga chafya ambayo imo humo hadi leo. Ekow alikuwa amepiga magoti mbele ya kile kisanduku, mkono mmoja umeinuliwa juu, kama wakati ule akiwa na bendera. Mkanda ulipokaribia kuisha Nana Aba aliuona ukikonda, akafupisha kiitikio cha mwisho, akamaliza. Gurudumu likazunguka tupu, ncha ya mkanda ikipiga tap, tap, tap.

Hakuna aliyepumua mpaka Ekow alipougeuza mkanda na kubonyeza. Mwanamke wa Kizungu alikuwapo. Alikohoa, akacheka, akaanza tena.

"Hajambo," Nana Aba akasema. "Sasa nipigieni mimi."

Alhamisi meno yalitoka. Kuanzia hapo aliimba kwa miluzi, watu wakicheka, naye akicheka kabla yao. Kila alipotaka kuwakomesha aliwaburuta hadi kwa Ekow, akakaa kwenye kile kiti, akajisikiliza hadi chafya. Mara moja Ekow aliuweka mkanda ule kwenye mashine kubwa kwa kusahau: mwanamke akatoka kushoto akienda mbele, Nana Aba akatoka kulia akirudi nyuma, wimbo umemezwa kinyumenyume. Jirani aliyekuwa akinywa maji alikiacha kikombe akaondoka. Mansa alisikiliza kidogo toka jikoni.

"Wanasutana," akasema. "Waache, watazoeana."

Walizoeana. Nana Aba alifariki baada ya miaka kadhaa, na kwenye msiba wake wimbo wa kuwaaga wasafiri aliuimba yeye mwenyewe, kwa meno yake, kutoka ndani ya kisanduku cha rangi ya maziwa kilichowekwa juu ya kiti chenye kitambaa cheusi na chekundu. Waliotoka mbali walisifu kipaza sauti.

Ekow anaendelea kununua mashine. Araba sasa yuko sekondari ya bweni, na likizo iliyopita alimkuta mjomba wake mahali palepale, kwa fulana ileile, akisugua hedi kwa pamba yenye akpeteshie. Rafu imeongezeka mtu anayesoma kitu kwa sauti ya kuchoka, na kengele za kanisa fulani. Araba akavuta kiti, maana siku hizi hakai sakafuni, akamwuliza upya lile swali la zamani: kwa nini siku zile, kabla ya kujua kuna upande mtupu, hakumfuta yule bibi.

Ekow alimaliza kwanza hedi. Aliitupa pamba, akapitisha mkanda, kushoto, kati, kulia, akauzungusha mara mbili kwa mkono.

"Mama yangu yumo kwenye mkanda wa yule Mzungu wa biskuti," alisema. "Sijui uko katika nyumba gani. Lakini kama huko kuna mtoto anamwuliza mwenye nyumba kwa nini hamfuti huyo bibi, nataka naye amwambie akaangalie samaki."